Samaki wa Mbao Aliyevimba Mbele ya Watu

Kitale,
Jumatatu, 12 Mei 2025.

Kwa Mwenyekiti, Mzee Kipkosgei,
Kikundi cha Wavuvi wa Ndoano, Nzoia ya Juu.

Ndugu Mwenyekiti,

MINTARAFU: VANISHI YA FADUMO NA AIBU ILIYONIPATA MOI'S BRIDGE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mbavu zako zilizokuuma Jumamosi kwa kucheka zimeshapoa. Mimi sijambo kwa mwili. Kuhusu heshima yangu, mara ya mwisho kuiona ilikuwa inaelea chini ya daraja.

Wewe ulikuwepo, kwa hiyo sina haja ya kukueleza kilichotokea. Nitakueleza hata hivyo, kwa sababu naomba barua hii isomwe kwenye mkutano wa Ijumaa, na wako wanachama ambao hawakuona vizuri kwa vile walikuwa wamejishika tumbo na kuinama. Mashindano yetu ya kila mwaka ni ya samaki wa mbao, yaani chambo tunachochonga wenyewe, tukakiziba kisipitishe maji, tukakipaka rangi na kukifunga ndoano ili kimdanganye samaki wa kweli. Kila samaki hutiwa mtoni kwa saa moja, kisha mwamuzi humtazama alivyomalizwa. Samaki wangu alipotimiza robo saa alitoka malengelenge. Nusu saa, rangi yote ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kabla ya saa kwisha alikuwa amevimba, amegeuka chali, na kama si mshipi niliokuwa nimeushika angefika Webuye katika hali hiyo, watu wa huko nao wapate kumwona.

Sipendi kulalamika. Waliofanya kazi nami watakwambia. Lakini nimeorodhesha yafuatayo.

1. Vanishi yenyewe. Niliinunua kwa Fadumo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya msikiti, mjane wa marehemu Abdisalam. Kopo limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba linazuia maji. Nimelisoma mara nne, mara ya nne nikiwa na miwani. Halikuzuia. Ningepaka chai ya rangi ningepata matokeo hayohayo, na mbao ingenukia vizuri.

2. Sifa zangu, kwa faida ya wanachama wapya. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mpimaji wa unyevu kwenye ghala la mahindi pale Moi's Bridge. Hakuna gunia lililopita bila idhini yangu. Nimerudisha mahindi ya wakulima wakubwa, ya mapadre, na ya shemeji yangu. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, nilikurudisha na magunia arobaini mwaka wa 2009. Najua bado unalo moyoni, lakini yalikuwa mabichi, na ukweli haubadiliki kwa kuwa mwenye mahindi sasa ni mwenyekiti.

Kabla ya mashine kuja, na hata baada ya kuja na kuharibika, tulipima kwa chupa na chumvi. Kila mkulima wa Trans-Nzoia anajua: unatia mahindi kwenye chupa kavu, unatia chumvi kavu, unatikisa, unangoja, halafu unatazama kioo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji, rudi nayo nyumbani. Kioo kikiwa safi, mahindi ni makavu. Ni kipimo ambacho hakijawahi kunidanganya.

Sasa kila mtu anayeziba mbao anajua kwamba mbao ikipakwa ikiwa na maji ndani, rangi hupasuka. Kwa hiyo nilifanya ambalo hakuna mwanachama mwingine amewahi kulifikiria. Nilimtia samaki wangu kwenye chupa pana ya kahawa, nikatia vijiko viwili vya chumvi, nikatikisa kwa mikono miwili, na kwa kuwa mvua ya Mei haieleweki nikamwacha humo siku tatu badala ya robo saa. Siku ya nne nilitazama kioo. Hakikuwa na punje hata moja. Kingeweza kuwekwa kwenye dirisha la kanisa. Samaki alitoka akimeta kidogo juani, ishara ya mbao safi, nikampaka palepale bila kumpangusa, kwa maana kitu kikavu hakipanguswi.

Naomba katibu aandike hivi kwenye kumbukumbu: mbao ilikuwa kavu. Kosa haliko kwenye mbao. Yeyote atakayesema kosa liko kwenye mbao anabishana na miaka ishirini na saba.

3. Wizi wa chumvi. Nilitia vijiko viwili na nikakuta hata kimoja hakijai. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na mke wangu Gathoni. Nilimwuliza kwa upole kama alichota chumvi ya maabara akatia kwenye sukuma wiki. Alisema chumvi yake anayo kwenye kopo lake jikoni, na hana shida ya kwenda kuitafuta kwenye chupa yenye samaki wa mti. Sijaridhika na jibu hilo. Najua jambo hili halimhusu Fadumo moja kwa moja, lakini nataka mkutano uelewe mazingira ninayofanyia kazi. Lijadiliwe chini ya Mengineyo.

4. Ng'ombe. Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya mkono wa kwanza wa vanishi, yaani kupaka mara ya kwanza, nilimtundika samaki kwenye waya wa ua akauke. Jirani yangu Kipketer ana ng'ombe mmoja mwekundu, mpole, ambaye kwa miaka sita amepita kwenye ua huo bila kugusa kitu. Siku hiyo alisimama. Alinyoosha shingo, akamlamba samaki wangu kuanzia mkiani hadi mdomoni, akafumba macho, akarudia. Nilimfukuza mara tatu. Mara ya nne alikuja na ndama wake.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini na jibu ni moja tu: Fadumo anauza vanishi iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, au molasi, au chochote ambacho ng'ombe hukipenda. Nasema hivi nikijua kwamba kwenye waya huohuo palikuwa na mguu wa stuli niliokuwa nimeupaka kutoka kopo hilohilo, na ng'ombe hakuutazama hata mara moja. Tena ule mguu wa stuli umenyeshewa wiki nzima na bado unang'aa. Mtu asiye na elimu angesema basi vanishi ni nzuri. Mimi nasema hapo ndipo ulipo ujanja wenyewe. Kopo limetengenezwa juu zuri, chini baya, ili mteja akienda kulalamika aonyeshwe mguu wa stuli.

5. Uamuzi. Ni nani alimteua Fadumo kuwa mwamuzi wa umaliziaji? Ni wewe. Ulisema anajua rangi kuliko sisi sote kwa kuwa anaziuza. Kwa hesabu hiyo mwenye bucha ndiye angekuwa daktari wa mifugo.

Tisa juu ya kumi alimpa Edinah wa Kamukuywa. Sina ugomvi na Edinah. Ni mama mchapakazi na alivuka mpaka wa kaunti asubuhi na mapema kuja kutushinda. Lakini tuseme wazi samaki wake amezibwa kwa nini. Kwa mshumaa. Anayeyusha mishumaa kwenye sufuria kuukuu, anamtumbukiza samaki humo, anamtoa, kazi imekwisha, anakwenda kulima. Hakuna msasa wa namba tatu tofauti, hakuna thina, hakuna kusubiri siku kati ya mkono na mkono. Samaki wake ananukia kama ibada ya Pasaka. Na maji hayakumwingia, nakubali, lakini kuna tofauti kati ya kutoingia maji na kumalizwa kwa heshima.

Mimi nilipewa mbili.

Kisha mbele ya watu wote, akiwa amemshika samaki wangu kwa vidole viwili, Fadumo alisema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyatoa: "Mzee Mathenge, hii mti ilikuwa na kitu ndani kabla upake. Vanishi haina shida bana. Si uniletee dukani niiangalie vizuri."

Nilimpokonya. Nilimjibu kwamba samaki ameangaliwa vya kutosha na wilaya nzima.

6. Hapa naomba katibu asome polepole, na wanaocheka wapewe nafasi ya kutoka nje.

Mimi na Abdisalam tulivua pamoja miaka kumi na sita. Yeye alichonga na kupaka. Mimi nilipima na kubisha. Alikuwa na namna yake ya kujua kama mbao imekauka: anaiweka shavuni, anafumba macho, anasema bado ni baridi, ina maji, ngoja. Nilimcheka miaka yote hiyo. Nilimwambia unyevu haupimwi kwa shavu. Alikuwa ananijibu kwamba mahindi ni ya chupa, samaki ni wa shavu, tuendelee na kazi. Ukweli ni kwamba hakuna samaki wake aliyewahi kuvimba. Sikuwahi kumwambia hilo alipokuwa hai.

Alifariki Novemba. Nilikuwa Malakisi kwa dada yangu nilipopigiwa simu. Nimeishi na Waislamu maisha yangu yote hapa mjini na nilijua vizuri kwamba hawangoji kuzika, lakini siku ile kichwa changu kilifikiri kwa desturi ya kwetu: kutakuwa na mikutano ya jioni, kutakuwa na kamati, wiki itapita. Nilipeleka suti ikafuliwe. Nilifika siku ya tatu nimevaa nyeusi, nimeshika maua, nikakuta kaburi limeanza kukauka juu. Fadumo alinipa kiti na chai. Hakusema neno juu ya kuchelewa kwangu, na ningependelea angesema.

Wiki chache baadaye aliniita dukani akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikuwa samaki wa mjakaranda, ameshachongwa, magamba yamekatwa moja moja kwa ncha ya kisu, na chini ya shavu ile mikato mitatu aliyokuwa akiiweka Abdisalam kwenye kazi zake zote. Hakuwa amepigwa msasa wa mwisho wala kuzibwa. Fadumo alisema, "Hii alisema umalize wewe."

Huyo ndiye samaki aliyevimba, Mwenyekiti. Sikumwambia mtu yeyote kabla ya mashindano kwa sababu sikutaka alama za huruma. Nilitaka ashinde kwa kuzibwa vizuri. Fadumo alimtambua, asingeshindwa kumtambua, na bado akaandika mbili.

Kwa hiyo nikisema vanishi ni mbovu nina sababu. Kama vanishi si mbovu, basi mimi ndiye niliyemharibu samaki wa mwisho wa Abdisalam, na jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa nilipima.

7. Ninayoyaomba. Kutokana na haya yote, naomba kikundi kipitishe kwa kauli moja:

Kwanza, Fadumo avuliwe uamuzi, na wanachama wakatazwe kununua kwake vanishi, thina, msasa, brashi, na hata misumari, kwa sababu siwezi kuamini msumari wa mtu mwenye vanishi ya namna ile.

Pili, makopo yote ya vanishi yaliyoko Trans-Nzoia na Bungoma yakusanywe mahali pamoja na kupimwa na mtu mwenye uzoefu wa kupima. Mtu huyo niko tayari kuwa mimi. Makopo yatakayoshindwa yarudishwe yalikotoka kama mahindi mabichi, na wenyewe walie.

Tatu, washindani wanaotoka upande wa Bungoma wasachiwe mishumaa pale darajani.

Nne, ng'ombe wa Kipketer aitwe kama shahidi. Nimeshazungumza na Kipketer. Hakukubali, lakini hakukataa kwa nguvu.

Tano, Fadumo akae mbali na mto Nzoia kwa umbali usiopungua maili mbili, zikiwemo siku anazopita juu ya daraja kwenda Eldoret, ambapo atatafuta njia nyingine.

Sita, pale niliposimama Jumamosi pachimbiwe kibao kidogo cha mbao kinachoeleza kwamba hakuna kosa lililofanyika upande wa Bwana Mathenge. Kibao kisipakwe vanishi ya Fadumo.

Najua utasema mama wa watu ana duka la kuendesha na watoto wa kusomesha, na jina likishachafuka mjini halioshwi kwa maneno. Nimelifikiria hilo. Nami nilikuwa na jina, Mwenyekiti, na lilibanduka mbele ya umati kwa muda wa saa moja kasorobo.

Nafunga kwa unyenyekevu unaonistahili. Nawasalimu wanakikundi wote, walionicheka na walioficha kicheko nyuma ya kofia, majina ya wote wawili walioficha ninayo. Msalimie mkeo na wajukuu, na uwasalimie wale waliosaidia kumtoa samaki majini kwa ndoo. Gathoni anawasalimu pia, ingawa amesema salamu zake zisiunganishwe na maelezo ya chumvi.

Barua hii naifunga kwenye bahasha ya khaki. Kwa kuwa gamu imeniishia, mdomo wa bahasha nimeufunga kwa vanishi ya Fadumo, ili mjionee wenyewe itakavyofunguka njiani bila kuguswa.

Mwanachama wako mwaminifu na aliyejeruhiwa,

Mathenge,
Mpimaji Mstaafu.

Nakala: Fadumo, nyuma ya msikiti, nitakayoipeleka kwa mkono wangu mwenyewe ili asije akasema hakuambiwa; na Kipketer, kwa niaba ya ng'ombe.

Baada ya kufunga. Naandika huku nje, nyuma ya bahasha, leoleo saa kumi na moja jioni. Samahani kwa mwandiko.

Nimetoka dukani kwa Fadumo. Nilimpelekea nakala yake pamoja na samaki kama ushahidi. Alianza na bahasha ya nakala, niliyoifunga kama hii. Alijaribu kuifungua kwa kidole gumba, akajaribu kwa ncha ya bisibisi, ikakataa. Aliniuliza nimefunga na nini. Nikamwambia ni vanishi yako.

Aliiweka bahasha kando akamchukua samaki. Alimweka shavuni, akafumba macho. Sikuwahi kujua kwamba na yeye anafanya hivyo. Halafu akamtazama karibu, akamgusa kwa ulimi kidogo tu, akanigeukia. "Mzee," akasema, "hii umepika."

Nami nikalamba. Mwenyekiti, ile chumvi haikuibwa. Kioo kilikuwa safi kwa sababu chumvi yote ilikuwa imemshika samaki, na mimi kwa miaka ishirini na saba nimefundishwa kutazama kioo. Nikaifungia humo kwa mikono mitatu ya vanishi nzuri kabisa, ikavuta maji kila upande. Ng'ombe wa Kipketer alijua tangu Jumanne.

Fadumo hakucheka kama mlivyocheka ninyi. Amemtia samaki kwenye ndoo ya maji safi, na atayabadilisha kesho na keshokutwa. Amesema atamtundika pale dirishani Abdisalam alipokuwa akianika samaki wake mpaka shavu likubali, na siku hiyo tutampaka pamoja. Nakala yake hakuisoma. Alinirudishia mkononi. Gathoni nimemwomba radhi kwa habari ya chumvi, na amesema atalifikiria.

Kwa hiyo ondoa jambo hili kwenye ajenda. Vifungu kuanzia cha kwanza hadi cha tano havipo, cha saba hakijawahi kuwepo. Nimejaribu kuifungua bahasha hii yako niitoe barua, kwanza kwa mvuke wa birika, kisha kwa kisu cha jikoni, na haifunguki. Ningeichana, lakini nilishakwambia kwa simu kwamba inakuja, na tena humo ndani nimemwandika Abdisalam, mkono ukakataa.

Ikikufikia, kata upande wa chini, ule wa juu utakushinda. Soma cha sita peke yake. Hapo sibadilishi neno, isipokuwa sentensi mbili za mwisho, zile za vanishi mbovu.